Kijiti cha mkojo kisimfukuze kazi kijana anayeacha unga

Ndugu mhariri,

Mwakeye, na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Mwanga hapa Kigoma mjini, nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu, yale ambayo wazee bado wanayaita maduka ya dawa baridi. Naandika kuhusu vijana wetu wanaoacha unga (heroini), bangi na pombe, na hivi vipimo vya mkojo vya haraka ambavyo siku hizi vimezagaa, mwenye malori anapima, mwenye soba hausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha, anapima, hadi mama mzazi anaagiza kutoka Dar anampima mwanae uani. Naandika pia kuhusu dawa za majani za kutuliza wasiwasi ambazo vijana haohao wanakunywa, maana haya mambo mawili yameshikana kuliko watu wanavyofikiri. Ninachosema ni hiki, kijiti kikionyesha mkojo una kitu hapo ndo maswali yanaanza, na mtu asifukuzwe kazi wala asitolewe nyumbani mpaka mkojo uleule umepimwa tena kwenye mashine kubwa na ameulizwa na mtu wa afya kila alichomeza, vidonge vya hospitali na chupa ya mganga pamoja.

Wasiwasi wenyewe wengi hawaujui. Arosto ya unga watu wanaijua, kutapika, kuharisha, makamasi, mifupa kuuma, vipele vya baridi mwili mzima, inapanda siku ya 2 na ya 3 alafu baada ya wiki hivi mwili unatulia na ndugu wanashangilia wanasema mtoto kapona. Sasa kinachofuata hapo ndo hakina wa kukisemea. Usingizi haurudi, moyo unadunda mtu kakaa tu, viganja vinatoka jasho, mtu akibisha hodi anaruka, na hali hii inaweza kwenda miezi. Na wengi wanaorudi kwenye unga sio kwamba wamekumbuka starehe, wamechoka kukesha. (Kwa pombe nitie neno moja, aliyekunywa gongo kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege la kumuua, huyo apelekwe hospitali kwanza.)

Hapo ndo kijana anakuja dirishani kwangu usiku nikikaribia kufunga. "Dada, niuzie valiamu mbili tu, nilale leo tu." Namjibu kaka angu, hiyo dawa ni ya cheti cha daktari na dukani kwangu siruhusiwi kuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo nisingempa, kwa sababu diazepamu, ndo jina lenyewe la valiamu, nayo inashika mtu akawa mraibu wake, na ikikutana na unga au pombe au methadoni, ile dawa wanayopewa hospitali wanaoacha unga, ndani ya mwili mmoja pumzi zinapungua mpaka zinakata. Namwambia nenda Maweni, hospitali yetu ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, zipo dawa za wasiwasi ambazo hazileti uraibu na wapo watu wa kuongea nao. Anasema sawa dada, anaondoka, ila Maweni haendi. Anaogopa foleni, anaogopa kuonekana na jirani, anaogopa ataitwa teja mbele za watu. Anakwenda kwa muuza majani, ambaye hana foleni, anamwita mwanangu na anamsikiliza. Mimi simlaumu huyo kijana hata kidogo na huyo muuza majani simchukii, mama yangu mwenyewe katulea kwa mchaichai na mwarobaini.

Lakini majani hayafanani. Mchaichai wa jioni, tangawizi, kamomili ya pakti inayouzwa supamaketi, hivyo kunywa ulale, hakuna kijiti kitakachokusumbua kwa hivyo, vipimo vya kawaida vinatafuta morfini (unga ukiingia mwilini unageuka morfini), bangi, kokeini, amfetamini na dawa za jamii ya diazepamu, havina habari na mchaichai. Vuka hapo uingie kwenye vitu vingine ndo pana mambo. Kungumanga kwa mfano, kinamama wengi wanajua kidogo kwenye uji kinaleta usingizi, sasa kijana anasikia hivyo anasaga anabwia vijiko, na kungumanga nyingi ina kemikali ya mirisitisini inayomfanya mtu aone vitu visivyokuwepo, moyo ukimbie, mdomo ukauke, yaani kilekile alichokuwa anakikimbia kinarudi mara tatu. Mnanaha hata nisiuseme, ule ni sumu, unachanganya akili kabisa, na anayekupa mnanaha uutulize moyo wako akuepushe Mungu naye.

Alafu zipo hizi zinazokuja kwa vifurushi, tunaziona kwenye status za WhatsApp, vidonge vya majani vya kutoka nje kwenye vikopo vizuri vya kijani. Kava ni mzizi wa visiwa vya Pasifiki, kule Fiji na Vanuatu wanaunywa kwa heshima zao kwenye shughuli, unatuliza kweli, ila mwaka 2002 Ujerumani iliuondoa sokoni na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa tahadhari kwa sababu kuna watu waliharibika ini. Na mtu aliyekula unga kwa sindano miaka mingi ini lake mara nyingi lina homa ya ini tayari, kwahiyo unamwongezea mzigo. Kuna mmea mwingine unaitwa St John's wort, wa huzuni na wasiwasi, huo unafanya ini lichome dawa nyingine haraka, methadoni inapungua mwilini kijana anaanza arosto akiwa kwenye dozi yake sawasawa, dawa za VVU zinapungua nguvu, hata vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna kratomu ya huko Thailand na Malaysia, wanaitangaza kwamba ni majani tu, wakati inakwenda kugusa palepale unga unapogusa kwenye ubongo na kuiacha kuna arosto yake, na kijiti cha morfini hakiioni. Kijana anapima safi kila wiki na amehamia kwenye uraibu mwingine bila mtu yeyote kujua.

Na bado sijafika kwenye linaloniumiza zaidi, majani yasiyokuwa majani peke yake. Mwaka 1998 FDA ilitoa onyo kuhusu dawa ya usingizi iliyouzwa kama ya mitishamba, inaitwa Sleeping Buddha, walipoichunguza wakakuta ndani kuna estazolamu, dawa ya hospitali ya jamii ileile ya diazepamu, na kwenye lebo haikuandikwa. Hiyo ni Marekani wenye maabara kila kona. Sasa chupa ya soda iliyooshwa, ina maji ya kahawia, haina jina wala tarehe, inauzwa kwenye meza barabarani, nani ameichunguza? Kuna dada mmoja mteja wangu aliyeacha pombe, alinunua poda ya mitishamba ya "kutuliza mishipa", akawa analala kutwa nzima mpaka mtoto analia hasikii, akiamka anayumba, akiikosa siku mbili anatetemeka. Majani niliyolelewa nayo mimi hayafanyi hivyo. Nilimwambia achukue hicho kikopo aende nacho hospitali aonyeshe, na asikate ghafla. Huyu angepimwa mkojo kijiti kikaonyesha diazepamu, angeapa kwa Mungu hajawahi kumeza valiamu maishani na angekuwa anasema kweli, na nani angemwamini?

Hata zile bitazi za mitishamba, soma chupa, nyingi zina kilevi ndani, zipo zenye kilevi kuliko bia. Mtu aliyeacha pombe anakunywa vifuniko viwili asubuhi na jioni anasema natibu tumbo na mawazo, na kuna kipimo cha mkojo cha mabaki ya pombe kinachoweza kuona hadi siku 3 nyuma.

Sasa twende kwenye hivi vijiti. Kwanza usomaji wake, na hapa naomba kila mwenye navyo anisikilize vizuri. Sisi Kigoma tumezoea kipimo cha haraka cha malaria na kipimo cha mimba, mistari miwili maana yake ipo, mstari mmoja haipo. Kijiti cha dawa za kulevya ni kinyume chake. Mistari miwili ni safi. Mstari mmoja tu, ule wa juu wa kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, ndo unasema huenda kuna kitu. Na mstari wa pili hata ukiwa hafifu, hata ukiwa wa kuukazia macho, ni safi, hakuna kitu kinaitwa "safi kidogo" au "anaanza kurudia". Na usomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakti, mara nyingi 5, ukikiacha mezani ukaenda kunywa chai ukarudi usikisome tena. Nimeshaona baba anamfokea mtoto wake mbele ya duka langu na kijiti mkononi kina mistari miwili.

Kijiti kinavyofanya kazi, kina kingamwili ndani yake zinazotafuta umbo la kemikali, na ni kama kufuli la bei rahisi, ufunguo wa jirani nao unalifungua. Dawa halali kabisa yenye umbo la kufanana inaweza kukamatwa. Hizi nazitaja kwa sababu tunazimeza hapa kila siku. Rifampisini, ile ya TB, kwenye baadhi ya vipimo vya awali imewahi kutoa jibu la opiati, yaani jamii ya morfini na unga. Dawa za jamii ya sipro, hasa ofloksasini na levofloksasini, nazo vilevile. Efavirenzi ya VVU imewahi kutoa jibu la bangi na la diazepamu, na ingawa nchi yetu imeshahamia kwenye dolutegraviri kuanzia 2019 sio busara kuisahau. Promethazini ambayo watu wanameza kwa mzio na kichefuchefu, na vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, vinaweza kuleta jibu la amfetamini. Setralini, ambayo ni dawa nzuri ya wasiwasi na daktari anaweza kumwandikia huyuhuyu kijana, imewahi kuleta jibu la diazepamu. Na dawa ya kikohozi yenye kodeini yenyewe sio kwamba inafanana, kodeini inageuka morfini ndani ya mwili, jibu ni la kweli ila kosa hakuna kama aliandikiwa.

Wamarekani wenyewe kiwango cha kuanza kuhesabu mkojo una opiati kwa wafanyakazi walikuwa wanakiweka kwenye nanogramu 300 kwa mililita, wakagundua watu wanakamatwa kwa kula mikate yenye mbegu za mpopi, mmea unaotoa morfini, mwaka 1998 wakapandisha mpaka 2,000. Sisi mikate hiyo hatuli, lakini vijiti vya 300 bado vinauzwa na vya 2,000 vinauzwa, mkojo mmoja unaweza kuwa mchafu kwenye kimoja na safi kwenye kingine. Ni wangapi kati ya wanaopima wamesoma hiyo namba kwenye pakti?

Na bangi. Inakaa kwenye mafuta ya mwili, aliyekuwa anavuta kila siku akiacha leo anaweza kuonekana kwenye mkojo wiki 4 na zaidi bila kugusa hata msokoto mmoja. Kijana ameacha kweli, wiki ya 3 anapimwa, anaambiwa mwongo. Unga unatoka haraka, siku 2 au 3 basi. Hii tofauti mwenye kijiti lazima aijue la sivyo atamwadhibu aliyeacha na kumsifu aliyepanga siku.

Maana kijiti kinakosea hata upande wa pili. Tramado, ile dawa ya maumivu ambayo nayo inashika mtu, haionekani kwenye kijiti cha morfini, methadoni nayo haionekani mpaka uwe na kijiti chake. Vijana wanajua, wanaongea. Wengine wanakunywa ndoo ya maji, wengine ndimu, wengine siki, eti inasafisha. Siki haisafishi chochote, maji yanapunguza makali ya mkojo tu na maabara wanapima kreatinini, taka ya mwili inayopungua mkojo ukijaa maji, wanakuona. Kwahiyo bosi anayeweka imani yake yote kwenye kijiti anaweza kuwa amemfukuza mgonjwa wa TB na amembakiza mla tramado kwenye usukani wa lori linaloshuka Kasulu.

Namtaja mgonjwa wa TB sio kwa mfano wa kubuni, ni mdogo wangu. Alikula unga Dar miaka, akaacha, alikaa soba hausi huko pwani, akapanda treni akarudi Ujiji kwa mama. Akapata kazi kwa mwenye malori mmoja, utingo, kwa sharti apimwe mkojo, akakubali na akawa anapimwa yuko safi. Baadaye akaanza kukohoa, akagundulika TB, akaanzishiwa dozi ya miezi 6, na ile miezi 2 ya mwanzo unameza dawa nne kwa pamoja, rifampisini imo ndani, mkojo unatoka wa rangi ya chungwa. Usingizi ulikuwa bado haujarudi vizuri, basi alikuwa na chupa yake ya majani chini ya kitanda. Siku moja kijiti kikatoa mstari mmoja kwenye opiati. Bosi akampigia mama, mwanao amerudia. Kikaitwa kikao cha ukoo, mjomba akaingia chumbani akatoka na ile chupa, akaiweka katikati ya mkeka akasema ndo hii. Wote wakakubali, ndo hiyo. Wengine wakasema mganga kamtilia unga, wengine wakasema anajificha nyuma ya majani. Mdogo wangu analia anasema kaka, mjomba, mama, sijala kitu. Na vidonge vya TB viko mezani pale wazi, mkojo wa rangi ya chungwa bosi kauona kwa macho yake, hakuna aliyeuliza.

Nilipofika niliuliza jambo la kwanza, ule mkojo uko wapi? Umemwagwa. Kijiti? Kimetupwa. Hapo ndo nilijua kijana hana pa kushika. Tulitafuta maabara yenye mashine, jibu likarudi hakuna morfini, mama akachukua karatasi akaipeleka kwa bosi akijua yameisha, bosi akasoma akasema mama, siku zimepita nyingi, hata angekuwa amekula ingekuwa imeshatoka. Na katika hilo bosi alikuwa sahihi, mhariri. Mkojo wa leo hauwezi kumtetea mtu kwa mkojo wa juma lililopita. Utetezi wake pekee ulikuwa kwenye kile kikopo walichokimwaga, maana mashine zile hazitafuti umbo la kufanana, zinatenganisha kemikali moja moja na kuipima uzito, rifampisini itasoma rifampisini na morfini itasoma morfini, na kama sampuli imewahi ndani ya siku moja hivi zinaweza kuona alama inayoachwa na heroini peke yake, ambayo kodeini wala dawa ya TB haiachi. Kazi ilikwisha. Ukoo ulikaa wiki nyingi haumtumi hata dukani kwa sababu hawamwamini na hela.

Kwahiyo nawaomba waajiri na wenye soba hausi, nisikilizeni. Hamkatazwi kupima, mtu anayeendesha gari la abiria lazima awe na akili zake, na vijana wengi wenyewe wanasema kupimwa kunawasaidia kushikilia. Lakini mkojo ukikojolewa ugawanywe kwenye vikopo viwili palepale mwenyewe akiona, kimoja mpime, kingine kifungwe, kiandikwe jina na tarehe na asaini, kikae kwenye friji. Kijiti kikiwa safi mwageni vyote. Kikiwa na shaka, kile cha pili kiende maabara na kijana apumzishwe usukani kwa siku hizo bila kuitwa mwizi. Vikopo vya plastiki sio ghali hata kidogo.

Na kuhusu kumuuliza anameza nini, hapa nina angalizo zito. Asiulizwe na bosi. Ukimwambia kijana ataje dawa zake zote mbele ya ofisi umemlazimisha atangaze kama ana VVU au TB au anatibiwa akili, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu kwenye hilo la VVU. Orodha iandikwe, iwekwe kwenye bahasha, isomwe na daktari au muuguzi, na huyo ndo amjibu bosi kwa maneno machache, jibu hili linaweza kuelezeka au haliwezi. Na kijana naye asifiche ile chupa ya majani kwenye orodha kwa aibu, aandike, na akiweza apeleke chupa yenyewe, maana hapo ndo tutajua kama ni majani au kuna kitu kimetiwa.

Kwa waganga na wauza majani nasema kwa heshima zote, wazee wetu na mama zetu, Kigoma mnajulikana nchi nzima na watu wanapanda treni kuja kwenu. Tiba yenu ina sheria yake tangu 2002 na ina baraza lake, mganga anasajiliwa na dawa inasajiliwa, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia inayochunguza miti hiihii yetu. Andikeni kwenye chupa. Jina la mti, umechemshwa lini, una pombe au hauna. Kijana akikwambia naacha unga au nameza dawa za TB, usimwambie acha za hospitali kwanza unywe hii, TB ikikatishwa inarudi ikiwa sugu na inaambukiza nyumba nzima. Mwambie ameze zile, na yako umweleze ni nini akamwonyeshe daktari. Mganga anayefanya hivyo mimi mwenyewe nitamwelekeza mteja kwake.

Na kwa wakubwa wa mkoa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, mimi nina swali na ningependa gazeti lenu liwaulize kwa niaba yetu. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, bure, ikaenda mikoa mingine, tunashukuru sana, imeokoa watoto wa watu. Mkemia Mkuu ana mashine, na Mwanza kuna ofisi ya kanda. Sasa kijana wa Ujiji, wa Gungu, wa Kasulu, ambaye kijiti kimemtuhumu leo asubuhi, sampuli yake ikabidhiwe wapi hapahapa Kigoma, isafirishwe na nani, alipe nani, na jibu lirudi baada ya siku ngapi? Kama hospitali ya mkoa inaweza kupokea makohozi ya TB na kuyasafirisha, kikopo cha mkojo kilichofungwa kinashindikana nini? Wakitujibu hilo tu, tukabandika tangazo kwenye maduka ya dawa na stendi na ofisi za malori, mimi langu nitalibandika siku hiyohiyo.

Na Maweni, nawaomba sana, wekeni siku yenu au dirisha lenu la watu wanaoacha, hata mchana mmoja kwa wiki, mtu aingie bila kupita mbele ya benchi zima la wagonjwa. Wale vijana wa usiku kwenye dirisha langu wangekuja. Wanatafuta usingizi tu, na mtu wa kuwaambia moyo unaodunda hivi ni sehemu ya kupona na una dawa.

Mdogo wangu anaendelea na dozi yake, kwa sasa anapakua mizigo ya boti Kibirizi. Kuna tajiri mwingine ameonyesha nia ya kumchukua na amesema atampima. Tumemwambia sawa, kijana yuko tayari hata kesho, ila tunaomba vikopo viwili.

Wenu msomaji,
Muuza dawa, Mwanga, Kigoma